Tamasha Litadumu kwa Nguvu ya Nani?
Mafunzo kutoka Zanzibar kwa kamati za Kasulu na Kibondo



Kamati nyingi za parokia katika nyanda za juu za Kigoma huandaa shughuli za sanaa: mashindano ya kwaya, siku ya ngoma za asili, au igizo la vijana kuhusu UKIMWI na utunzaji wa vyanzo vya maji. Shughuli hizi hupendwa na watu hujaa uwanjani. Pamoja na hayo, lipo swali ambalo hukwepwa hadi siku ya kufunga mahesabu. Je, mwaka ujao, mhisani asipotuma fedha, ngoma italia tena?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuangalia mji mmoja wa pwani, yaani Zanzibar. Tumeuchagua kwa sababu pale mambo mawili yanaonekana kwa pamoja. Vipo vikundi vya sanaa vilivyodumu kwa vizazi kadhaa, na lipo tamasha kubwa lenye sifa duniani ambalo lilishindwa kufanyika mwaka mmoja kwa kukosa fedha. Tofauti iliyopo kati ya hayo mawili ina funzo kwa kamati zetu.

Pwani si mbali na sisi

Huenda msomaji akauliza, Zanzibar na Kasulu wapi na wapi? Wazee wetu wanalijua jibu. Katika enzi za ukoloni, Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU ilisimamia kuwaandikisha na kuwasafirisha. Waha waliokwenda huko walichukua ngoma zao, na waliorudi walileta Kiswahili cha pwani pamoja na mitindo mipya ya kucheza.

Hata kabla ya hapo, ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani na kuiga bendi za jeshi, ilikuwa imesambaa bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ilibebwa na askari, makarani na wafanyakazi waliohamahama, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafuasi katika miji mingi ya Tanganyika. Kwa wanakamati jambo la kuzingatia ni kwamba vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Wanachama walitoa michango, walizikana na walisaidiana katika shida. Wanawake wa Mombasa na Zanzibar nao walikuwa na vyama vya lelemama vilivyofanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mtu aliyelipa ada ya ngoma alikuwa pia amejiwekea akiba ya siku ya msiba.

Klabu iliyoanza mwaka 1905

Zanzibar kuna klabu ya taarabu iitwayo Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905. Nyingine, Culture Musical Club, ilianza mwaka 1958. Klabu hizi zimepita katika utawala wa kisultani, Mapinduzi ya mwaka 1964 na mabadiliko mengi ya siasa na uchumi. Zimewezaje kudumu?

Sababu ya kwanza ni kwamba ni klabu za wanachama. Wapigaji na waimbaji wengi wamekuwa watu wenye kazi zao nyingine mchana, na jioni hukutana kufanya mazoezi. Sababu ya pili ni kwamba sanaa yao ina nafasi katika maisha ya kila siku, hasa arusi na sikukuu. Watu wakioa, taarabu huhitajika. Sababu ya tatu ni desturi ya kutuza: wimbo ukimgusa msikilizaji, huinuka, husogea mbele akicheza polepole, na kumpa mwimbaji noti. Hivyo mchango unatolewa mbele ya watu wote, na anayetoa anajisikia kuwa sehemu ya wimbo.

Mfano mwingine uko kijijini Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai, hufanyika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba kama ishara ya kuondoa kinyongo, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kila nyumba hupika. Inaaminika kuwa ni heri kumpata mgeni siku hiyo. Gharama kubwa ya sherehe imetawanywa katika masufuria ya kaya zote. Kwa sababu hiyo haiwezi kufa kwa barua moja ya mfadhili kusema kwamba mkataba umekwisha.

Mwaka 2016: jukwaa lilipokosa fedha

Sasa tuangalie upande wa pili. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilifanyika kwa mara ya kwanza mwezi Februari mwaka 2004 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Ngome Kongwe ndiyo imekuwa uwanja wake mkuu. Wanamuziki hutoka Tanzania na sehemu nyingine nyingi za Afrika. Tamasha huleta wageni wanaojaza hoteli, hutoa kazi kwa mafundi, madereva na mama lishe, na huwapa wasanii wetu nafasi ya kusikika mbali. Tiketi ya Mtanzania huuzwa kwa bei nafuu kuliko ya mgeni kutoka nje, ili mwenyeji asifungiwe mlango katika mji wake mwenyewe. Huo ni utaratibu wa kupongezwa.

Lakini mapato ya tiketi hayakutosha kuendesha shughuli ya ukubwa huo, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili. Michango yao ilipopungua, waandaaji walitangaza kwamba tamasha la mwaka 2016 halitafanyika. Halikufanyika kweli. Lilirudi Februari 2017 baada ya waandaaji kutafuta fedha upya.

Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufundisha taarabu, kidumbaki na ngoma kwa vijana, kilipita katika shida kama hiyo. Mwaka 2019 kilieleza hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa, kwa kuwa misaada ilikuwa imepungua na wanafunzi wengi hawakumudu ada.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Kazi ya tamasha lile na chuo kile ni kubwa na matunda yake yanaonekana. Tunasema kwa sababu hata wenye uzoefu, jina na wageni wa kulipa wanaweza kuyumba pale nguzo moja inapobeba paa lote. Itakuwaje kwa kamati ya parokia yenye daftari moja la mahesabu na mhisani mmoja?

Hali ilivyo kwetu

Sisi wa Kasulu na Kibondo tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Kambi za Mtabila, Nduta na Mtendeli nazo zimekuwa sehemu ya historia ya eneo hili. Katika makambi, mashirika yalitumia ngoma, nyimbo na maigizo kufikisha ujumbe wa afya, amani na haki za watoto. Ngoma za Warundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, zimesikika pia katika ardhi yetu. Kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, mwenyeji hakuhitaji mkalimani.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021. Kambi inapofungwa, bajeti ya mashirika katika kambi ile hufungwa nayo. Kikundi kilichozoea kulipwa posho kila kinapoigiza hukabiliwa na siku ngumu, kwa sababu posho ikikoma, sababu ya kukutana nayo hukoma. Kikundi kilichokuwa kikikutana kabla ya posho, kwa ajili ya mazishi, mavuno au ibada, huendelea. Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Habari ni nusu ya kazi

Kuna nguzo nyingine ambayo kamati nyingi huisahau, nayo ni habari. Shughuli isiyotangazwa vizuri hukosa watu, na isiyotolewa taarifa hukosa wa kuichangia mwaka unaofuata. Habari na sanaa zimekuwa ndugu tangu zamani.

Chukua mfano wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar ambaye mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay. Kundi lake liliimba mapenzi, lakini liliimba pia mambo yaliyotokea mjini. Wimbo uitwao Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Zanzibar kutoka Dar es Salaam, na uliuliza juu ya haki iliyopotoka katika kesi hiyo. Kwa wasiojua kusoma, wimbo ulikuwa gazeti. Bara nako, gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichanganya habari za wilayani na mashairi ya wasomaji. Hadi leo, katika mitaa ya Mji Mkongwe, watu hukaa barazani wakinywa kahawa na kupashana habari: nani kafariki, nani anaoa, taarabu iko wapi usiku.

Upande wetu, Radio Kwizera ilianza mwaka 1995 huko Ngara chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na ikawafikia wakimbizi pamoja na wenyeji wa Kibondo na Kasulu. Tofauti na redio za Dar es Salaam, iliweza kuzungumzia soko la jirani, barabara ya jirani na kikundi cha jirani. Hiyo ndiyo maana ya habari za mahali: msikilizaji anasikia jina la kijiji chake na kujua kwamba jambo hilo linamhusu.

Redio hata hivyo si njia pekee. Siku ya gulio watu wa vijiji vingi hukutana bila kuitwa. Matangazo baada ya ibada husikika hadi kitongoji cha mwisho. Ubao wa ofisi ya kijiji, mkutano wa hadhara na simu ya mkononi vyote ni vyombo vya habari. Tangazo zuri hujibu mambo matano: ni nini, nani wanahusika, wapi, lini, na mtu atatakiwa kutoa nini. Kwa mfano: "Siku ya ngoma na maigizo. Vikundi 6 vya parokia yetu. Uwanja wa shule ya msingi. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kuanzia saa 4 asubuhi. Hakuna kiingilio, chakula kitauzwa." Maneno hayo yanasomwa kwa nusu dakika, na hayaachi swali.

Hatua kwa ajili ya kamati

1. Chagueni wakati kwa kalenda ya shamba. Sauti za Busara hufanyika Februari, wakati masika ya pwani hayajaanza. Kwetu Februari ni mvua na palizi. Julai na Agosti, baada ya mavuno na katika kiangazi, watu wana nafasi na kuna chochote ghalani.

2. Gaweni bajeti mara mbili: mambo ya lazima na mambo ya nyongeza. Tuseme, kwa mfano tu, siku ya ngoma inagharimu shilingi 600,000. Ya lazima ni chakula cha vikundi (150,000), matengenezo ya ngoma, ngozi na kamba (40,000), maji na huduma ya kwanza (20,000) na matangazo (10,000). Jumla ni 220,000. Ya nyongeza ni kukodi vipaza sauti (120,000), fulana (160,000) na usafiri wa vikundi vya mbali (100,000). Jumla ni 380,000.

3. Fedha za lazima zitoke nyumbani. Kwa mfano huo huo, vigango 6 vikichanga shilingi 30,000 kila kimoja hupatikana 180,000. Mama lishe na wauza vinywaji wakilipia nafasi zao kwa jumla ya 40,000, zile 220,000 zimetimia. Mchango wa unga, maharage na kuni uandikwe pia kwa thamani yake, maana huo nao ni fedha. Mhisani akichangia, aongeze vipaza sauti. Asipochangia, ngoma italia bila vipaza sauti, kama ilivyolia kwa babu zetu.

4. Rudisheni desturi ya kutuza. Wekeni kikapu mbele ya wachezaji, na mkubaliane kabla jinsi kitakachopatikana kitakavyogawanywa. Kikundi kisichojua mgao wake mapema kitaondoka na manung'uniko.

5. Tengeni muda wa mazungumzo baada ya igizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao, wakayatungia michezo kwa sanaa za kwao, wakaonyesha, kisha wakajadili nini kifanyike. Onyesho bila mjadala huacha watu wamecheka tu. Mjadala uandikwe, na aliyeahidi jambo atajwe kwa jina lake.

6. Lindeni heshima ya watu. Igizo lisimwaibishe mtu wa kijiji anayetambulika. Picha za watoto zisipigwe wala kutumwa bila ruhusa ya wazazi, na za wakimbizi bila ridhaa yao, kwa kuwa wapo wenye sababu za kutotaka kuonekana. Kurekodi wimbo wa kikundi kunahitaji idhini pia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za watunzi, awe wa mjini au wa kijijini.

7. Toeni taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, ili masuala ya vibali na usalama yasije yakavuruga siku yenyewe.

8. Bandikeni mahesabu ndani ya wiki mbili. Karatasi moja inatosha: waliohudhuria, mapato, matumizi, baki, na yaliyoamuliwa. Iwekwe ubaoni kwanza, ndipo nakala yake iende kwa mhisani. Utaratibu huu una maana yake. Aliyetoa debe la maharage ana haki ya kujua kabla ya aliye ng'ambo ya bahari.

Neno kwa wahisani

Nanyi wahisani, mnaweza kusaidia kwa namna inayojenga. Kabla ya kuuliza ni watu wangapi watafikiwa na ujumbe, ulizeni kikundi hiki kilikuwa kikikutana kwa shughuli gani kabla ya mradi. Changieni vitu vinavyobaki: ngoma mpya, sanduku la kuhifadhia mavazi, mafunzo ya kuandika habari na kutunza vitabu vya fedha. Epukeni kuanzisha posho ambazo hamtaweza kuziendeleza. Na pale mnapojua kwamba msaada utakwisha, semeni mwaka mmoja kabla. Kamati iliyopewa muda inaweza kupunguza ukubwa wa shughuli, lakini kamati iliyoshtukizwa huifuta.

Zipo kazi ambazo michango ya kijiji haitaziweza. Kikundi kinachotaka kusafiri mkoa mwingine au kurekodi kwaya kitahitaji mkono wa nje, na si aibu kuuomba. Sauti za Busara isingefika ilipofika bila wafadhili. Ila mkono wa nje uinue kitu ambacho tayari kimesimama.

Ndugu wanakamati, tunawaomba katika kikao chenu kijacho mchukue bajeti ya shughuli ya mwaka jana, mfute mstari wa mhisani, kisha mtazame kilichobaki. Kama kilichobaki kinatosha kukusanya watu, kuwasha moto chini ya sufuria na kupiga ngoma, mna tamasha lenu wenyewe. Kama hakitoshi, anzeni kuchanga sasa, kigango kwa kigango. Haba na haba hujaza kibaba.